Kuridhika kwa Mwanachuo

Msomaji, kuridhika ni neno ambalo kila mtu hulitumia na watu wachache hulipima. Mgeni aliyekula akashiba husema ameridhika. Mnunuzi aliyepata bei aliyoitaka husema hivyo hivyo. Na mtu asiyekuwa na njia nyingine, akapokea alichopewa, naye husema ameridhika. Neno ni moja, lakini mambo ni matatu. Katika insha hii nataka kulichungua neno hilo mahali ambapo siku hizi limepewa kazi kubwa, yaani katika vyuo vyetu. Huko wanachuo huulizwa kama wameridhika na mifumo ya kuendeshea masomo kwa mtandao, na majibu yao hufanywa ushahidi kwamba mifumo hiyo ni mizuri.

Huenda ukastaajabu kuona chombo cha kompyuta kikifanyiwa tahakiki. Umezoea tahakiki ya diwani, ya riwaya au ya tamthilia. Lakini tahakiki si mali ya vitabu peke yake. Kila kitu kilichotungwa na binadamu kwa kusudi fulani chaweza kuulizwa maswali matatu. Mtungaji wake alikusudia nini? Kusudi hilo limetimizwa kwa njia gani? Na kazi hiyo inamfaa nani, inamwacha nani? Mshairi huulizwa maswali hayo, na seremala vilevile. Basi mtu aliyetunga darasa lisilo na kuta naye hana budi kuulizwa.

Naandika nikiwa Habaswein, ambako nafundisha. Jina la mji wetu ni la Kisomali, na maana yake ni vumbi kubwa. Mji uko kusini mwa Kaunti ya Wajir, kando ya njia itokayo Garissa kupitia Modogashe kwenda Wajir. Nimetaja mahali mapema kwa sababu hukumu yangu yatoka mahali. Mtu akiwa Nairobi huweza kuupima mfumo uleule nilioupima mimi, akaona mambo mengine kabisa, na wala asiwe mwongo.

Kwanza tujue tunachokihukumu. Mfumo wa kuendeshea masomo kwa mtandao ni mahali katika intaneti ambapo chuo huweka masomo yake. Mwanachuo huingia kwa jina lake na neno la siri. Ndani hukuta mihadhara, vitabu, maswali ya kujipima, ukumbi wa majadiliano, sanduku la kupelekea kazi na orodha ya alama zake. Mkufunzi naye huingia kwa mlango wake, akaona nani amesoma, nani hakusoma, na saa ngapi. Kwa maneno mengine, ni darasa, maktaba, daftari la mahudhurio na ofisi ya mitihani, vyote vimekunjwa vikatiwa ndani ya kioo cha simu.

Miongoni mwa mifumo hiyo, mmoja unaojulikana sana ni Moodle, ambao toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka wa 2002. Mtungaji wake, Martin Dougiamas, ni mtu wa Australia. Habari ya utoto wake yafaa kujulikana na kila mtoto wa nchi kavu. Alikulia katika jangwa la Australia Magharibi, mbali sana na miji, na masomo yake yalimfikia kwa redio. Shule za namna hiyo, ziitwazo shule za hewani, zilianza Alice Springs mwaka wa 1951, ili watoto wa mashamba ya mbali waisikie sauti ya mwalimu wasiyeweza kumwona. Mtoto aliyesoma hivyo alipokua alitunga darasa la mtandao, akalitoa bure, hata chuo maskini kiweze kulitumia bila kununua idhini. Basi tukiuliza swali letu la kwanza, la kusudi, jibu ni jema. Chombo hiki mojawapo ya mizizi yake iko jangwani, na kilikusudiwa kumkaribisha aliye mbali.

Na haja yetu ya kukaribishwa ni ya kweli. Machi 2020 shule na vyuo vya Kenya vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na kwa miezi mingi hapakuwa na darasa ila lile la redio, la televisheni na la mtandao. Kabla ya hapo, Januari mwaka uo huo, walimu waliuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, na baadaye walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa katika kaunti zetu za kaskazini mashariki. Shule zikabaki mikononi mwa wenyeji wachache. Mwalimu mwenyeji akiacha darasa lake miaka miwili aende chuoni, hakuna wa kulishika. Lakini akiweza kusoma akiwa kwake, watoto wanaendelea kufundishwa na mwalimu anaendelea kufundishika. Nchi jirani ya Tanzania ilitangulia kuiona faida hiyo ya kusoma kwa mbali: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliwekwa kwa sheria ya mwaka wa 1992. Kenya ilitoa hati ya Chuo Kikuu Huria chake mwaka wa 2023.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa walionufaika. Nilikuwa na cheti cha ualimu kinachoitwa P1. Tangu mwaka wa 2021 vyuo vya kufundishia walimu wa shule za msingi nchini vimechukua stashahada mahali pa cheti hicho, na sisi wenye cheti cha zamani tukapewa njia ya kujiongezea elimu. Wakati wa likizo tulikwenda chuoni, na likizo ilipokwisha tulirudi makwetu tukaendelea kwa mtandao. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyasikia kwa jirani.

Haki yataka tuanze na sifa. Ya kwanza ni kwamba somo halipotei. Mkufunzi akisema darasani, maneno huruka. Yakiandikwa katika mfumo, mwanachuo huyarudia usiku, watoto wakiisha kulala, mara ya pili na ya tano, wala hapana wa kumcheka kwa uzito wake. Ya pili ni kwamba mnyonge wa kusema hupata ulimi. Chuoni palikuwa na wenzetu ambao darasani hawakuinua mkono hata siku moja, lakini katika ukumbi wa majadiliano waliandika hoja zilizotufanya tuwaheshimu. Ya tatu ni kwamba alama haziwi siri ya ofisi. Kila mtu huona amepata nini na amekosea wapi. Ya nne ni nauli. Safari ya basi ni fedha, na fedha ya mwalimu ina wenyewe wengi. Mwanachuo anayesema ameridhika kwa sababu hizi asema kweli, na mtu asiyeziona hafai kuwa mhakiki wa mfumo huu.

Sasa tutazame upande wa pili. Hapo nitakuomba, msomaji, uufikirie mto wetu. Ewaso Ng'iro huanza kwa nguvu katika nchi za juu, kwenye Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Hupita Isiolo, hupita Merti, na kila unapokwenda huzidi kupungua. Ukifika kinamasi cha Lorian, jirani yetu, hutawanyika ukazama mchangani. Mwaka wa mafuriko hupita ukaendelea mashariki. Miaka mingine twaona njia yake tu. Mtandao nao ni mto wa namna hiyo. Mwaka wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa, na intaneti ikaingia nchini kwa wingi usiopata kuonekana. Kutoka pwani ikapanda mijini. Lakini kwetu hufika kwa minara michache, na mtu akiondoka mjini mwendo si mrefu, mto huo hukauka mkononi mwake. Kuna mradi wa barabara ya Isiolo, Wajir na Mandera, ambao Benki ya Dunia iliukubali mwaka wa 2020, uliokusudiwa kuandamana na waya wa nyuzi za kioo. Siku mwanafunzi wa kijiji atakapokunywa maji ya mto huo tutashukuru. Lakini mfumo huhukumiwa kwa maji yaliyopo.

Mtetezi wa mfumo atasema: "Huo ni upungufu wa mtandao, wala si wa mfumo. Usimlaumu mpishi kwa upungufu wa kuni." Hoja hiyo ina nguvu, nami sitaipita bila kuijibu. Ni kweli kwamba mtunga mfumo hakuiweka minara. Lakini mpishi ajuaye kwamba kuni ni chache, akachagua kupika chakula cha saa sita juu ya moto, analaumika. Ngoja nikuonyeshe chakula hicho.

Ukurasa mmoja wa maneno yaliyopigwa chapa ya kompyuta ni kilobaiti chache tu. Ukurasa uleule ukipigwa picha kwa simu waweza kuwa megabaiti mbili au tatu, yaani mzigo uliozidi mara mamia, pengine mara elfu, na ndani yake hapana neno hata moja lililoongezeka. Basi mkufunzi mmoja hupiga picha kurasa ishirini za kitabu, akazitia katika mfumo, akaona amefanya kazi njema. Aliye karibu na chuo huzipakua kabla hajamaliza chai yake. Aliye Habaswein hununua bando la intaneti, akangoja, kioo kikazunguka, bando likaisha, na kurasa zikawa zimefika nusu. Hapo hakuna mnara wa kulaumiwa. Palikuwa na njia nyepesi, ikachaguliwa nzito, na aliyeichagua hakulipa yeye gharama yake.

Tena Moodle ina programu ya simu inayomwezesha mwanachuo kupakua masomo mara moja, akayasoma baadaye pasipo mtandao. Chombo kilifikiri juu ya jangwa. Lakini chombo hakijiendeshi. Wanachuo wengi wa kundi letu hawakuonyeshwa njia hiyo, na masomo mengine yalipangwa kwa namna isiyoruhusu kupakuliwa. Swali letu la pili, la njia ya kulitimiza kusudi, lapata jibu chungu: kusudi la mtungaji lilipotea katika mikono ya watumiaji.

Kosa la tatu ni la saa. Kazi zetu zilikuwa na mwisho wake: saa sita kasoro dakika moja usiku. Saa hiyo ni ya mashine, haijui kwamba umeme umekatika au kwamba mvua imeziba njia ya kufikia mnara. Na mashine isipopokea kazi, haiandiki "haikufika". Huandika "haikuwasilishwa". Tafadhali yapime maneno hayo mawili. La kwanza laeleza habari ya njia. La pili laeleza habari ya mtu. Mkufunzi aliyeketi mbali hulisoma la pili, akamwona mwanachuo mvivu. Katika fasihi twajifunza kwamba uchaguzi wa neno ni uchaguzi wa hukumu, na hapa neno moja lililoandikwa na mashine laweza kumharibia mtu jina lake.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nalo ni namna kuridhika kunavyopimwa.

Chombo cha kupimia ni hojaji. Mwanachuo hupewa sentensi, kama vile "Mfumo ni rahisi kutumia" au "Kwa jumla nimeridhika na mfumo", naye huchagua tarakimu kutoka 1 hadi 5: 1 ni kukataa kabisa, 5 ni kukubali kabisa. Mizani hiyo yatokana na kazi ya Rensis Likert, mtaalamu wa Marekani, aliyeieleza mwaka wa 1932. Baadaye wataalamu wa mifumo ya kompyuta waliijengea nadharia. Mwaka wa 1989 Fred Davis alisema kwamba watu hukipokea chombo wakikiona kina manufaa na ni rahisi kutumia. Na baadhi ya watu aliowapima walikuwa watumishi wa maabara ya IBM mjini Toronto. Mwaka wa 1992 William DeLone na Ephraim McLean waliliweka ridhio la mtumiaji miongoni mwa dalili kuu za mfumo uliofaulu. Sina ugomvi na wataalamu hao. Nasema tu kwamba mtumishi wa ofisi ambaye mashine imewekwa mezani pake na kampuni imelipa kila kitu, akiulizwa kama chombo ni rahisi, huulizwa habari ya chombo. Mwalimu wa Habaswein akiulizwa swali hilohilo, huulizwa habari ya chombo, ya mnara, ya bando, ya umeme na ya barabara, na jibu lake lote hutiwa katika tarakimu moja.

Na kuna hila mbili zinazokaa ndani ya tarakimu hiyo. Hila ya kwanza ni kukinai. Mtu aliyezoea kidogo hushukuru kwa kidogo. Mtoto aliyezoea maji ya chumvi, ukimpa maji yaliyopungua chumvi, atayasifu. Sisi wa nchi kavu tumezoea kungoja, na tulipopewa mfumo uliofanya kazi siku tatu katika saba, tulisema alhamdulillahi. Kukinai ni tabia njema kwa mtu mwenyewe, lakini ni mizani mbaya kwa chuo. Chuo kikiona wanachuo wa mbali wamechagua 4, na wa karibu wamechagua 4, kitasema wote wamehudumiwa sawa, kumbe mmoja ameshiba na mwingine amezoea njaa.

Hila ya pili ni kubwa zaidi. Hojaji huulizwa waliobaki. Tuseme wanachuo 100 wanaanza masomo. Katika mwaka, 30 wanayaacha kwa sababu mfumo haukuwafikia. Mwisho wa mwaka waliobaki 70 wanapewa hojaji, na 56 kati yao wanasema wameridhika. Taarifa itaandikwa kwamba asilimia 80 ya wanachuo wameridhika, na hesabu hiyo itakuwa sahihi: 56 ni asilimia 80 ya 70. Lakini wa awali walikuwa 100, na kati yao walioridhika ni 56 tu. Tena zingatia: kama wangeacha masomo watu wengi zaidi miongoni mwa wenye shida, asilimia ya walioridhika ingepanda. Mfumo unaofukuza wanyonge hupata sifa kubwa kuliko mfumo unaowavumilia! Mchungaji wetu yeyote angelicheka jambo hilo. Ngamia wakifika kisimani baada ya safari ya kiangazi, hawatazami waliokunywa akasema safari ilikuwa njema. Huwahesabu, akauliza nani hakufika, na aliangukia wapi.

Kundi letu lilikuwa na walimu tisa waliotoka upande wetu. Mmoja wao alikuwa dada anayefundisha katika shule iliyo mbali na barabara. Alikuwa na mtoto mchanga, na mwenzake alikuwa safarini na mifugo. Kila mwisho wa juma alipanda pikipiki hadi mahali penye mtandao, mtoto mgongoni, akasoma aliyoweza, akapeleka aliyoweza, akarudi kabla ya giza. Mara mbili kazi yake haikupita. Naliiona kazi mojawapo kwa macho yangu, imeandikwa kwa kalamu katika daftari, hati nzuri, majibu yamekamilika. Mfumo uliandika kwa wino mwekundu: haikuwasilishwa. Mkufunzi alimpelekea ujumbe wa kumtia moyo: "Jitahidi, dada, wenzako wanaweza." Ujumbe huo aliusoma baada ya siku nyingi, kwa kuwa nao ulikuwa ndani ya mfumo uleule.

Tulipokutana sokoni aliniambia: "Mwalimu, wewe unakaa karibu na mnara, na utarudi chuoni. Waambie mimi si mvivu."

Nikamwambia, "Nitawaambia, dada."

Siku ya mwisho ya masomo tuliingizwa katika chumba cha kompyuta cha chuo. Feni ilikuwa ikizunguka, mtandao ulikuwa mwepesi, na hojaji ilifunguka mara moja. Kati ya sisi tisa tulikuwamo sita. Nilisoma: "Kwa jumla nimeridhika na mfumo." Nikachagua 4. Msomaji, sikusema uongo. Mimi nilikuwa nimefaulu, nilikuwa na furaha, na mfumo ulinisaidia kufaulu. Chini ya maswali palikuwa na nafasi ya maoni, mistari mitatu. Watu walikuwa wakisimama kwenda kupiga picha. Katika mistari ile mitatu niliandika neno moja: "Asante." Kisha nikatoka.

Nilipokuwa ndani ya basi nikirudi ndipo nilipokumbuka ahadi yangu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nami nilikuwa nimemjua mwenye njaa kwa sura na kwa jina, nikamsahau kwa sababu ya feni na mtandao mwepesi. Ikiwa mimi, jirani yake, nilimsahau, chuo ambacho hakikumwona kitamkumbuka kwa njia gani? Jibu langu liliingia katika hesabu. Jibu lake halikuingia, kwa sababu hakupewa karatasi.

Ndiyo sababu nasema kwamba ridhio la waliobaki si kipimo kamili cha mfumo wa masomo. Ni nusu ya kipimo. Nusu nyingine wanayo walioondoka. Mtu akiniletea taarifa kwamba wanachuo wameridhika, sasa nina maswali manne ya kumwuliza. Walioanza walikuwa wangapi, na waliojibu ni wangapi? Walioacha waliulizwa sababu? Mfumo ulijaribiwa wapi, mezani pa chuo au kwenye simu ya bei ndogo kando ya mnara wa mwisho? Na mwanachuo alilipa nini, kwa fedha na kwa mwendo, ili afike kwenye swali hilo? Taarifa isiyoweza kujibu maswali hayo si ya uongo, lakini haijakamilika, na jambo lisilokamilika likitangazwa kama kamili hupoteza watu.

Mtu atasema, "Basi tuiache mifumo hii, turudi kwenye ubao na chaki." La, sisemi hivyo. Kumwambia mwalimu wa mbali arudi kwenye ubao ulio umbali wa siku nzima ni kumfungia mlango wa pili baada ya kumfungia wa kwanza. Dawa zenyewe ni nyepesi, tena nyingi hazihitaji fedha. Masomo yaandikwe kwa maneno, yasipigwe picha. Kila somo liweze kupakuliwa mara moja, na wanachuo waonyeshwe namna ya kulipakua siku ya kwanza wakiwa bado chuoni. Mwisho wa kazi uwe juma, usiwe dakika. Kazi iliyoandikwa kwa kalamu ikaletwa na basi ipokewe, maana ilimu haichafuliwi na vumbi. Na mwanachuo akinyamaza wiki mbili, mkufunzi asisome kimya hicho kama uvivu mpaka amempigia simu. Mfumo una uwezo wa kumwonyesha nani hakuingia. Basi uwezo huo utumiwe kumtafuta mtu, usitumiwe kumhukumu.

Wewe unayesoma maneno haya ungali katika shule ya sekondari. Baada ya miaka michache utakuwa mwanachuo, na hojaji itawekwa mbele yako. Baadhi yenu mtakuwa wakufunzi, na nyinyi ndio mtakaozitunga. Nakuomba mambo mawili. Ukijibu, jibu habari zako kwa kweli, kisha utazame kiti kilicho wazi kando yako, uandike habari zake pia, maana mwenyewe hayupo. Na ukitunga, peleka karatasi ya kwanza kwa yule aliyeondoka.

Dada yule hakupata stashahada. Angali akifundisha katika shule yake, na watoto wake wa darasa husoma vizuri. Hajawahi kuniuliza kama niliyasema maneno aliyonituma. Mistari mitatu ile niliipoteza kwa neno moja. Kwa hiyo nimeandika insha hii mahali pake, nikachelewa, ili isemwe mbele ya watu: hakuwa mvivu.